Aliyezaliwa Langoni

"Karibu, dada."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia Taratibu baada ya msimu mzima wa kumngoja. Hakuniita mpenzi. Hakusema nimerudi, wala hata habari za siku nyingi. Dada!

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa karakana yetu, vidole vimejaa nta, aproni ya ngozi bado kiunoni, nahema kama farasi aliyepandishwa mlima. Nilikuwa nimekimbia kutoka mazizi ya Bwana wa Ngome, baada ya kusikia kwamba wapiganaji wamerudi kabla ya wakati na kwamba yule mrefu wa polepole yu hai. Nilikimbia bila haya. Watu walinicheka njia nzima, nami nikawaacha wacheke. Na sasa alikuwa mbele yangu, amekaa kwenye benchi la kazi la mama yangu, mguu umefungwa vitambaa kuanzia gotini hadi kifundoni, shavu limechanika, bakuli la supu mkononi. Ananitazama kwa macho yale yale yaliyoninyima usingizi, halafu ananiita dada.

Nikacheka. "Ndiyo mizaha mliyofundishwa huko vitani? Rudi ulikotoka ukajifunze mizuri."

Hakucheka. Jina la Taratibu alipewa na wenzake kwa sababu hajawahi kuharakisha jambo lolote, hata kuchomoa upanga. Aliweka bakuli chini, polepole, akaangalia mikono yake.

Hapo ndipo nikaiona shuka. Shuka ya mama, ile ya rangi ya udongo anayojitanda akienda kupeleka kazi, ilikuwa mabegani mwa Taratibu, imefungwa fundo nyuma ya shingo. Fundo lile hufungwa na mwanamke mmoja tu, na kwa mtu mmoja tu. Nikashika fremu ya mlango.

Kwa asiyejua mambo ya kwetu, ataona ni kitambaa tu. Kwetu sisi ardhi yote ni ya Bwana, na anayepewa kipande cha kulima hukilipia kwa mkuki wake. Akiitwa, anakwenda. Lakini kabla hajatoka, nyumba yake hukigeuza kitanda chake miguu juu, humtaja jina kwa mara ya mwisho, na kumlilia kama maiti. Wakubwa wa zamani waliona kwamba mtu aliyekwisha kuliliwa hana tena cha kuogopa. Bwana naye akaona kwamba maiti hadai shamba. Kila mtu akaridhika, isipokuwa sisi tunaobaki nyumbani tukiangalia vitanda.

Akirudi hai, ni maiti anayetembea, na maiti haruhusiwi kuvuka lango. Lazima mwanamke mwenye nyumba amfunike shuka pale pale langoni, aseme mbele ya walinzi, "Nimezaa," na yule aliye chini ya shuka alie kama mtoto mchanga. Akilia, amezaliwa. Ana mama, ana nyumba, ana ndugu. Asipopata wa kumfunika kabla lango halijafungwa, hubaki nje, na huko nje kuna nyika na wanyama wake. Wengi hufunikwa na mama zao wenyewe, kwa hiyo hakuna kinachobadilika ila kitanda kurudishwa miguu chini.

Mama yake Taratibu alikufa zamani. Ndiyo maana tulikuwa tumepanga. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, mjane asiye na mtoto, mwenye nyumba yake pale karibu na kisima, alikubali kumfunika. "Nitamzaa huyo," alituambia siku ile, "ingawa kwa urefu ule nitapata shida." Tukacheka mpaka machozi. Shangazi akimzaa tungekuwa binamu, na binamu kwetu wanaoana kila siku. Mpango ulikuwa safi.

Sasa alikuwa amevaa shuka ya mama yangu.

"Nani kakufunika?" nikamuuliza, ingawa nilikuwa naona.

"Mama."

"Mama yupi? Wewe huna mama!"

"Ninaye," alisema kwa sauti ya chini. "Tangu mchana."

Mama akatoka chumba cha nyuma na beseni la maji ya moto. Ni mwanamke mfupi, mabega mapana, mikono migumu kwa kushona matandiko ya farasi tangu usichana wake. Karakana nzima ya Bwana inamtegemea yeye. Hakushtuka kuniona. Aliweka beseni chini karibu na mguu wa Taratibu, akachuchumaa, akaanza kulowesha vitambaa vilivyogandana na damu.

"Usisimame mlangoni, unaziba mwanga," akasema. "Ingia unywe supu."

"Mama, umefanya nini?"

"Nimezaa."

"Usinitanie!"

"Nani anakutania? Nimezaa mbele ya walinzi na wapita njia. Na kalia kweli kweli, wamesikia wote." Alizungumza bila kuinua kichwa. "Nilikuwa nimepeleka mikanda langoni. Wamefika kabla ya siku yao, hakuna aliyekuwa tayari. Akina mama wakaanza kukimbia na mashuka. Huyu alikuwa ameanguka chini, damu inamtoka usoni na mguuni, na mlinzi ameshaweka mkono kwenye komeo la lango. Ulitaka niseme sikumjua? Ulitaka nimwache nje afe, halafu nije nikwambie samahani, nilikuwa nafikiria harusi yako?"

Hasira yote ikaniishia miguuni. Niliona picha ile: yeye chini, lango linafungwa. Nikaenda nikapiga magoti pembeni ya mama, nikaukamata mkono wake uliolowa, nikaubusu. Nilikuwa nalia. Nilijiambia, Cheche, umshukuru Mungu. Yu hai. Atakuwa kaka yako, utamwona akila, utamwona akizeeka, kuna wenzako wamebaki na vitanda tu. Nilijiambia hivyo, na kila neno lilinichoma kooni kama mwiba wa samaki.

Taratibu alinyoosha mkono kunifuta machozi. Mkono ukafika karibu na shavu langu, ukasita, ukarudi. Ndugu hafuti machozi ya dada yake kwa namna ile, na sote watatu tulijua.

Mlango ukagongwa kwa teke. Shangazi aliingia na kiatu kimoja, kilemba kimelegea, shuka yake imekunjwa kwapani kama mtu aliyetoka kufua.

"Mwizi!" akapiga kelele. "Wifi, umeniibia mtoto!"

"Shangazi, taratibu," nikasema.

"Taratibu ndiye anayezungumziwa! Mwanangu kaibiwa, mnataka ninong'one?" Akamgeukia mama, akamnyooshea kidole. "Mwambie binti yako. Mwambie jinsi ulivyoniona."

Mama aliendelea kukamua kitambaa, maji mekundu yakitiririka kwenye beseni.

"Kukuona wapi?" nikauliza.

"Nilikuwa kwenye mteremko wa kisima," Shangazi alisema, akianza kulia kwa hasira. "Nakimbia na shuka. Kiatu kimoja kikabaki kwenye tope, sikurudi kukichukua. Nikampungia mkono. Nikaita, 'Wifi, mzuie mlinzi, nakuja!' Na huyu mama yako akageuka. Akanitazama usoni, kama ninavyokutazama wewe sasa. Hatukuwa mbali hata kidogo. Mlinzi mwenyewe aliniona, akaondoa mkono kwenye komeo anisubiri! Kisha mama yako akaichomoa shuka yake mabegani akaitupa."

Nilimgeukia mama. Nilitaka aseme ni uongo. Nilitaka amwambie Shangazi kwamba anatia chumvi kama kawaida yake. Mama alinyanyuka, akajikausha mikono kwenye aproni, akakaa kwenye kigoda chake.

"Nilimwona," akasema.

Nikasogea mpaka kwenye kigoda chake.

"Ulimwona? Ulijua anakuja, na ukamfunika wewe?"

"Ndiyo."

"Mama, kwa nini?"

"Unajua kwa nini." Sauti yake haikupanda. Laiti ingepanda! "Kitanda cha baba yako kimegeuzwa miguu juu tangu ulipokuwa hujaota meno. Nimelala kando yake. Nimekifuta vumbi. Kila wapiganaji wakirudi nilikuwa nakwenda langoni, mimi mkewe, na mama yake akiwa bado hai, ameshika shuka, tunasimama pamoja, tunarudi pamoja. Nilisema mwanangu hatalala kando ya kitanda cha namna hiyo. Nilikwambia ukiwa mdogo, nikakwambia ulipomleta huyu. Hukunisikia. Leo nimemwona chini pale nikamhurumia, kweli nimemhurumia. Na nilipomwona wifi anakuja, nikaona nafasi yangu. Nimemwokoa, na nimekutenga naye, kwa shuka moja. Nilifurahi. Unataka nikudanganye? Nilifurahi."

Kuna matusi ambayo mtoto hamtukani mama yake, nami sikuyatukana, lakini yalikuwa yamepanga mstari mdomoni. Shangazi alikaa chini kwenye rundo la mikanda, akaweka mkono kichwani.

"Lakini si mama peke yake," Taratibu akasema.

Sote tukamtazama. Alikuwa amekauka midomo.

"Wewe nyamaza," nikamwambia. "Wewe ulikuwa unakufa."

"Sikuwa nakufa hivyo." Alimeza mate. "Shuka haitoshi, unajua. Lazima mtu alie. Nisingelia, mama angeinua shuka yake arudi nayo nyumbani, na mtu mwingine angejaribu. Damu ilikuwa imenifunga macho, lakini masikio yalikuwa mazima. Nilisikia 'Nimezaa.' Nikaijua sauti. Nimeisikia mara ngapi ikinifukuza kwenye mlango huu? Nilijua ni nani, na nilijua nikilia nakuwa nani."

"Na ukalia."

"Nikalia."

Nilihisi baridi, mchana ule wa jua. La mama lilikuwa limenikata, lakini hili lilipita pale pale palipokatwa. "Hukumsikia Shangazi akiita?"

"Sikumsikia. Nilisikia lango likikwaruza, basi." Alinyanyua uso, na machozi yalikuwa yamechora njia kwenye vumbi la mashavu yake. "Nilifikiri, nikinyamaza, nabaki nje, sitamwona tena. Nikilia, nitamwona kila siku. Nitamsikia akigombana na wateja. Nitajua kama amekula. Nikasema nitachukua hicho. Nusu yako, Cheche. Niliogopa kukosa vyote. Mimi niliyeliliwa, mtu anayesemekana haogopi kitu, niliogopa kama mtoto, ndiyo maana nililia vizuri."

Nilimpenda hapo kuliko siku yoyote, na nilitamani kumpiga na tandiko la farasi. Nilitembea mle karakanani, kutoka meza ya kukatia ngozi hadi dirishani, nikarudi. Mama aliokota msharasi wake na kuanza kutoboa mashimo kwenye mkanda uliokuwa mapajani, lakini mashimo yalikuwa yanakwenda upande. Mama hatoboi mashimo upande.

"Kuna njia ya kulifungua jambo hili?" nikauliza.

"Hakuna," Shangazi akasema. "Mtu hazaliwi tena mpaka afe tena."

"Basi nililiwe mimi tena," Taratibu akasema. "Mnililie. Msafara wa pili wa vita unatoka jioni hii."

"Kwa mguu gani?" nikamfokea. "Hutafika hata kisimani. Utaanguka kwenye tope, ulale na kiatu cha Shangazi."

Shangazi alicheka, mara moja, kisha akajiziba mdomo. Alikuwa ameshaona nilikokuwa nakwenda. Yeye huniona mapema siku zote.

"Cheche," akasema. "Hapana."

"Msafara hauna fundi wa ngozi," nikasema. "Msimamizi wa mazizi amekuwa akibembeleza tangu asubuhi. Mafundi wote wamejifanya wagonjwa. Nitakwenda mimi."

Wanawake kwetu hutoka na misafara. Wapishi, wauguzi, washonaji. Anayetoka lango huliliwa, awe ameshika mkuki au sindano. Kitanda changu kingegeuzwa. Ningekuwa si mtoto wa mama yangu tena, wala wa nyumba ile. Na nikirudi, kama nikirudi, Shangazi angekuwa langoni na shuka, na mimi na Taratibu tungekuwa binamu.

"Safari hii nitalala pale pale, na viatu nitavifunga kamba," Shangazi alisema, machozi yakimdondoka kidevuni. "Lakini ukirudi, mwanangu. Ukirudi. Huko wanakufa hata wapishi."

"Siruhusu!" Taratibu alijaribu kusimama, mguu ukamkatalia, akaanguka tena kwenye benchi. "Nimelia langoni ili nikuone, halafu wewe uende nisikuone? Nani kakutuma?"

"Msimu mzima nilikaa hapa nikakungoja. Hukuniuliza kama nimeruhusu. Sasa ngoja wewe."

"Cheche, nakuomba."

Nilikwenda nikasimama mbele yake, karibu kuliko dada anavyosimama. Nilitaka uso wake uingie kichwani mwangu pamoja na mchaniko wa shavuni na kila kitu. "Ulichukua nusu," nikamwambia. "Mimi siitaki nusu. Sijui kuwa dada yako. Nitashindwa siku ya kwanza."

Mama akaweka msharasi mezani. "Umemaliza?"

"Bado." Nikamgeukia. "Mama, siwezi kutoka bila wewe. Nyumba isiponililia, walinzi watanirudisha. Ni wewe wa kugeuza kitanda."

"Sigeuzi."

"Mama."

"Sigeuzi! Nimefanya yote haya ili nisikigeuze cha pili!" Sasa sauti ilipanda, tena ilipasuka katikati. "Nimejifanya mchawi mbele ya wifi yangu. Nimemfunga huyu maskini. Ili wewe ukae hapa. Halafu unataka nikuue kwa mikono yangu mwenyewe?"

"Nataka unipe ruhusa ya kuishi. Ukikataa nitakaa, sitakwenda popote. Nitamwita kaka. Nitampikia, nitamfulia, nitamtafutia mke kama dada anavyopaswa, nitacheza harusini kwake. Na kila asubuhi utaamka utatuona, mimi na yeye, kwenye meza hii. Wewe unajua kulala kando ya kitanda kilichogeuzwa. Utanifundisha mimi kulala kando ya mtu aliye hai."

Sijawahi kuona mtu akizeeka mbele ya macho yangu, lakini mama alizeeka pale. Alimtazama Taratibu kwa muda mrefu, akainua mkono akamrekebishia fundo la shuka shingoni. Kisha akanitazama mimi, kuanzia nywele hadi miguu yenye matope. Nilidhani atanipiga kofi, na ningelipokea.

Alinyanyuka akaingia chumba cha nyuma.

Tulisikia kitanda kikiburutwa. Tulisikia pumzi zake, maana ni kizito, cha mbao ngumu, na alikuwa peke yake. Shangazi alisimama ili akamsaidie, nikamzuia. Halafu kikapinduka kwa kishindo kilichotikisa makopo ya nta kwenye rafu, na baada ya kishindo ukaja ukimya, na baada ya ukimya mama akalitaja jina langu. Si lile la utani. Jina langu lote, pamoja na la baba, herufi kwa herufi, kisha akaanza kulia kilio ambacho siwezi kukieleza. Taratibu aliziba masikio.

Tulitoka jioni kabla jua halijazama. Nilikuwa na begi la zana, kamba begani, na farasi wa mizigo aliyenidharau tangu mwanzo. Aliyeliliwa hutangulia, nyumba yake humfuata kwa nyuma bila kumtazama usoni. Nilisikia nyayo za mama nyuma yangu, nikazijua kati ya nyayo zote. Nilisikia gongo la Taratibu likigonga mawe. Alikuwa amekataa kubaki. Sikugeuka. Ningegeuka nisingekwenda.

Langoni mlinzi mkuu alimzuia kila mmoja, akiuliza nyumba yake swali lile lile, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kuhakikisha hakuna anayetoka akiwa bado wa mtu. Ilipofika zamu yangu aliniangalia, akamwangalia mama juu ya bega langu. Walikuwa wamefahamiana miaka mingi. Mchana ule ule alikuwa amemshuhudia akizaa.

"Mama fundi," akauliza, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Nyumba yako ina watoto wangapi?"

Farasi wangu alipiga kwato. Nikafikiri, atashindwa, na sehemu ya moyo wangu, Mungu anisamehe, iliomba ashindwe.

"Mmoja," mama akasema. "Wa kiume."

Mlinzi akavuta komeo, na lango likafunguka.